Hulka na mwenendo: jinsi ya kujua kama "yuko hivyo" au "amefanya hivyo"

Dada mleta mada, umeuliza hivi: mchumba wako wa miezi minane ni mpole kwako na kwa wazazi wako, ila kwenye foleni na kwenye mambo ya fedha hufoka mpaka unaogopa. Nusu ya waliokujibu wamesema "hiyo ndiyo hulka yake, hawezi kubadilika", nusu wamesema "ni tabia ya kupita, ndoa itamtuliza". Wote wamehukumu mapema. Ulichokileta ni matukio matatu, na kwa matukio matatu hakuna mtu anayeweza kuisema hulka ya mwenzake. Nafanya kazi ya unasihi na swali hili naletewa sana, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Mwenendo ni kile ambacho kamera ingekinasa: alipandisha sauti, alichelewa dakika 40, alirudisha chenji iliyozidi. Hulka haiwezi kunaswa na kamera. Ni mwelekeo wa mtu unaodumu, wa namna anavyofikiri, anavyohisi na anavyotenda, na tunaukisia kutokana na matendo mengi ya muda mrefu. Ukisema "ana hasira" hujaeleza ulichokiona, umeshatoa hukumu.

Mwaka 1936 mwanasaikolojia Kurt Lewin aliliweka jambo hili kwa kanuni fupi: mwenendo hutokana na mtu pamoja na mazingira aliyomo. Watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza tu. John Darley na Daniel Batson waliipima nusu ya pili katika utafiti uliochapishwa 1973, kwa wanafunzi wa seminari ya Princeton, Marekani. Kila mwanafunzi alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba, na njiani alimkuta mtu amejikunja mlangoni akikohoa na kuugulia. Walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walitoa msaada. Wenye haraka kiasi, asilimia 45. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Wengine kati yao walikuwa wanakwenda kuzungumzia habari ya Biblia ya Msamaria Mwema, aliyemsaidia majeruhi njiani, na hilo halikuleta tofauti ya maana. Hao ni watu wa aina moja, waliosomea wito mmoja; kilichowatenganisha zaidi ni saa. Kwa hiyo jirani aliyekupita saa kumi na mbili asubuhi bila salamu akiwahi daladala hajakuonyesha kwamba ana kiburi. Lee Ross aliuandika udhaifu huu wetu mwaka 1977: kosa la mwenzetu tunalibandika kwenye nafsi yake, na mazingira yake hatuyaoni.

Je, hulka haipo basi? Ipo. Walter Mischel alionyesha mwaka 1968 kwamba uhusiano kati ya alama anazopata mtu kwenye kipimo cha hulka na tendo lake moja mahali pamoja ni nadra kuvuka 0.30, pale ambapo 1 ndiyo uhusiano kamili. Wengi walidhani habari ya hulka imekwisha. Mwaka 1979 Seymour Epstein akaonyesha upande wa pili: ukichukua wastani wa matendo ya siku nyingi badala ya tendo moja, uthabiti wa mtu unajitokeza waziwazi. Kisha William Fleeson, mwaka 2001, aliwafuatilia watu mara kadhaa kwa siku na akaona kwamba mtu yuleyule ndani ya wiki mbili hupita karibu kila hali, ya ukimya na ya uchangamfu, lakini wastani wake wa wiki hii hukaribiana sana na wa wiki ijayo. Mkimya aliyecheza na kuongea usiku kucha harusini hakuwa anaigiza. Ule ni usiku mmoja ndani ya wastani wake.

Sasa kazi yako. Chukua daftari, weka wiki 6. Lengo ni mistari 25 hadi 30, kutoka mazingira manne au zaidi: nyumbani, barabarani, kazini kwake au mbele ya wenzake wa kazi, mbele ya ndugu, na siku asiyo na ratiba. Kila mstari uwe na tarehe, mahali, nani alikuwepo, nini kilitangulia, alifanya nini hasa, ilichukua muda gani, na alifanya nini baadaye. Andika vitenzi, usiandike sifa. "Alimwita kondakta mjinga, akapiga mlango, akanyamaza baada ya dakika 5, hakuomba radhi" ni mstari mzuri. "Alikuwa na gubu" haufai, kwa sababu baada ya mwezi hutakumbuka ulimaanisha nini. Andika siku hiyohiyo. Na andika matukio ya kawaida pia, hasa zile siku ambazo foleni ilikuwepo na hakufoka. Hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea: anaandika mabaya tu, kisha anashangaa daftari limejaa mabaya.

Usimtegee mitego. Ukimkopa fedha kwa makusudi ili uone atafanyaje, utakuwa unapima jinsi anavyojibu kudanganywa, na akijua utakuwa umeharibu kitu kingine kabisa.

Mistari ikitimia, anza kwa kupunguza uzito wa mazingira yanayombana kila mtu. Msibani, msikitini, kanisani, ukweni, kwenye usaili wa kazi, watu wote hufanana kwa sababu mazingira yanaamuru. Upole wake mbele ya wazazi wako uko humo. Hata mkorofi huwa mpole ukweni. Yape uzito mazingira yaliyolegea, pale ambapo hakuna anayemwambia la kufanya: Jumapili mchana, umeme umekatika, mgeni hajaja, simu imezima chaji. Hapo ndipo hulka hujionyesha.

Kisha jiulize maswali matatu, kwa utaratibu ambao Harold Kelley aliupendekeza mwaka 1967. Je, watu wengine kwenye hali ileile hufanya hivyohivyo? Kama kila dereva aliyekaa saa mbili Ubungo au Thika Road anafoka, kufoka kwake kunakueleza habari za barabara zaidi kuliko habari zake. Je, anafanya hivyo kwenye jambo hili tu au kwenye mambo mengi? Na je, jambo hilo likijirudia naye hurudia? Linalomhusu yeye peke yake, katika hali nyingi, tena kila mara, ndilo unaloweza kuanza kuliita hulka.

Swali la pili halikuishia kwenye "ndiyo" au "hapana". Mischel na Yuichi Shoda waliwachunguza watoto kwenye kambi ya majira ya joto huko New Hampshire, wakaona kwamba watoto wawili wanaweza kuwa na jumla ileile ya ugomvi huku mmoja akigombana anapotaniwa na wenzake, na mwingine anapoonywa na mkubwa. Ugomvi wao unalingana kwa idadi, lakini hao ni watoto wa aina mbili tofauti. Kwa hiyo tafuta sentensi za "ikiwa... basi..." ndani ya daftari lako. Foleni na fedha vinakutana wapi kwa mchumba wako? Huenda ni kucheleweshwa. Huenda ni kushindwa kuongoza mambo. Huenda ni kudharauliwa na mtu anayemwona wa chini. Hapa ningekaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote: angalia anafoka mbele ya nani. Kama kwa trafiki na kwa bosi anajizuia, halafu kwa kondakta, mhudumu wa hoteli, dada wa kazi na wewe anamwaga yote, basi uwezo wa kujizuia anao na anachagua wa kumfokea. Hilo ni tatizo tofauti kabisa na la mtu anayelipuka mbele ya yeyote, na kwa ndoa ni zito zaidi.

Jihadhari pia na tendo moja lenye vyanzo vingi. Ukimya wa mtu mezani unaweza kuwa upole, uoga, kinyongo, adabu aliyofunzwa ya kutosema mbele ya wakubwa, au uchovu wa zamu ya usiku. Na hulka moja huzaa matendo yasiyofanana: mwenye wasiwasi mwingi mmoja atakupigia simu mara tano, mwingine atazima simu. Ukikwama, muulize mwenyewe, kwa utulivu na si siku ya tukio: "Jana pale benki nini kilikuwa kinakupita moyoni?" Jibu lake ni mstari mwingine wa daftari.

Jambo moja halitakiwi kusubiri wiki 6. Mtu mzima aliyekuwa mtulivu akabadilika ndani ya siku, wiki au miezi michache, akawa mkali, mchafu, mpweke au mwenye kutapanya fedha, mpeleke hospitali kabla ya kumpeleka kwa wazee. Sonona, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, jeraha la kichwa baada ya ajali ya bodaboda, kiharusi, pombe na baadhi ya dawa hubadili mwenendo. Hulka haina kasi hiyo.

Kuhusu vipimo ambavyo wachangiaji wamekutumia. Mgawanyo wa watu wanne, yaani sanguini, koleriki, melankoli na flegmatiki, ulitoka kwa matabibu wa Wagiriki wa kale waliodhani tabia huongozwa na damu, kohozi na nyongo za rangi mbili. Kwenye semina za ndoa bado unapendwa, ila usiutumie kuamua jambo. Vipimo vya herufi nne vinavyogawa watu katika aina 16 vina kasoro nyingine: vinakata mstari katikati, wakati watu wengi wako karibu na katikati hiyohiyo, kwa hiyo mtu akirudia baada ya wiki chache mara nyingi hupewa aina nyingine.

Kinachotumika zaidi kwenye utafiti ni vipimo vya mihimili mitano: kupenda mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, ukunjufu kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi au hasira. Kila mhimili ni kiwango, si kisanduku. Mtu hapewi jina, anapewa nafasi kati ya kidogo na nyingi. Ukitumia kipimo hiki, chukua chenye maswali 60 hivi, ajaze yeye, na wajaze pia watu wawili wanaomfahamu kwa miaka, mmoja ndugu na mmoja wa kazini. Wanapotofautiana, usifute, uliza. Yapo matatizo mawili yanayojirudia kwenye tafsiri za Kiswahili. Sentensi za kukanusha, kama "mimi si mtu wa kutochelewa", huwachanganya wajazaji, na wengine hukubali kila sentensi kwa heshima. Pia mtu hujilinganisha na majirani zake: mwenye kuchelewa dakika 20 mahali ambapo wote huchelewa saa nzima atajiandika mwahi. Tena hata mihimili hii mitano haijasimama kila mahali. Haikujitokeza kwa Watsimane, jamii ya wenyeji wa Bolivia, katika utafiti wa 2013, na Gerard Saucier na wenzake walipolinganisha lugha 9, Kimaasai ikiwemo, mwaka 2014, kilichojirudia kilikuwa mihimili miwili tu: namna mtu anavyojizuia ili kuishi vizuri na wenzake, na nguvu yake ya kujitokeza.

Je, atabadilika? Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye hulka karibu asilimia 40 hadi 50, na hiyo inaeleza tofauti kati ya watu kwenye kundi, haina maana kwamba nusu ya mchumba wako imefungwa. Kwa wastani watu huongeza uwajibikaji na utulivu wa hisia kati ya miaka 20 na 40. Brent Roberts na wenzake, mwaka 2017, walikusanya tafiti 207 za matibabu na mafunzo, wakaona mabadiliko ya kweli ya hulka ndani ya wastani wa wiki 24, zaidi kwenye utulivu wa hisia. Kwa hiyo "haibadiliki" si kweli. Lakini tazama kilichofanya kazi: wiki 24 za msaada uliopangwa. Harusi peke yake haina nguvu hiyo.

Mwenendo hubadilika mapema zaidi, kama tendo limetajwa kwa usahihi. "Punguza hasira" haifanyiki. "Gari likisimama zaidi ya dakika 10, nafunga kioo na kuwasha redio, simsemeshi kondakta wa gari lingine" inafanyika, na inahesabika. Phillippa Lally na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2010, waliona mazoea mapya hukomaa kwa wastani wa siku 66, kuanzia 18 hadi 254 kwa watu mbalimbali. Mpe tendo moja, mkubaliane, hesabuni kwa miezi mitatu. Ukiona anajaribu, anateleza na anarudi, hiyo ni taarifa njema. Ukiona anakasirikia makubaliano yenyewe, iandike pia.

Umesema unaogopa. Kama amewahi kukusukuma, kukuvunjia simu, kukuzuia mlango au kukutishia, acha daftari, acha kutafuta chanzo. Hapo swali la hulka au mwenendo halina kazi, kwa sababu tendo lenyewe linakuumiza, liwe limetoka wapi. Mwambie mtu mzima unayemwamini leo, usikae naye peke yako, na kama uko Tanzania nenda kwenye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi.

Kama hayo hayapo, anza kesho. Daftari usilifiche kwenye simu ambayo anajua namba yake ya siri. Ukifika mistari 25, toa majina na chochote kinachoweza kumtambulisha, kisha lete hapa zile sentensi za "ikiwa... basi..." ulizozipata, tuzisome pamoja nawe.