Skolashipu kwa madogo wa form five na six: divisheni one ya pointi 3 unayo, makaratasi je?

Nasema na nyie mlioko advance, hasa wa sayansi, na wa form four mkitaka kusikiliza kaeni tu hapo maana mambo mengine yanaanzia kwenu. Kila mwaka matokeo yakitoka mwezi wa 7 napata meseji zilezile, kaka nina one ya 4 naomba unielekeze skolashipu. Nafurahi kwa matokeo kweli, ila ukiniuliza mwezi wa 7 nyingi zimeshafungwa zamani, na zile chache zilizobaki zinataka vitu ambavyo huwezi kuvipata kwa wiki moja. Wengi ninaowajua waliokosa walikuwa na akili za kutosha, walikwama kwenye makaratasi.

Kwanza jua hela unayoiomba ni ya nini, maana watu wanaziweka zote kapu moja. Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, inaangalia ufaulu wa form six kwa waliosoma kombi za sayansi na wanaoenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Hiyo haikuulizi baba yako analima ekari ngapi. Sasa mtu wa HKL, yaani historia, Kiswahili na Kiingereza, anakuja na one yake kali anataka Samia, mdogo wangu hiyo sio ya kwako, usipoteze muda, angalia mkopo wa Bodi ya Mikopo na skolashipu za nje. Türkiye Bursları ya Uturuki nayo ni ya ufaulu, fomu inafunguliwa 10 Januari na kufungwa 20 Februari, kwa digrii ya kwanza uwe chini ya miaka 21, wanataka angalau asilimia 70 na kwa udaktari wa binadamu, meno na famasia ni 90, na wanakulipia ada, hosteli, bima, hela ya kila mwezi, tiketi na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Halafu kuna Marekani ambako watu wanachanganyikiwa sana. Harvard, Yale, Princeton, MIT hawatoi skolashipu kwa sababu una akili, kule kila aliyechaguliwa ana akili, wanatoa kulingana na kipato cha nyumbani. Kwa hiyo kule ukificha kuwa mama anauza mbogamboga Tandika ili uonekane wa maana, umejikosesha hela mwenyewe. Waeleze hali ilivyo na uambatanishe karatasi za kuonyesha.

Sasa majina. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapofia.

Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamed Juma Ally, shule ya msingi mwalimu akaandika Mohamedi Juma, form four ukatokea Mohamed J. Ali, NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, nao wakaandika walivyosikia. Wewe unajijua ni mtu mmoja, bibi yako anajua, ila anayesoma fomu yako Ankara au hapo Bodi anaona watu watatu. Kama uko form three au four, ile siku mwalimu wa usajili anabandika orodha ya majina ya NECTA, baraza la mitihani, ukutani ili mhakiki, nenda na kopi ya cheti cha kuzaliwa mkononi, soma herufi kwa herufi, tarehe ya kuzaliwa pia. Najua mnapita mbio mbio mnasaini. Cheti kikishatoka, kurekebisha ni safari ndefu ya wakili, kiapo, au deed poll, hati ya kubadilisha jina, ambayo nayo lazima isajiliwe, na hela inatoka hapo. Na kama cheti cha kuzaliwa huna kabisa, anza leo, sio ukimaliza pepa. Kwa mambo ya Bodi cheti hicho kinatakiwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wa Zanzibar wanaenda ZCSRA ambayo ni ya kwao, na kila msimu wa maombi foleni inakuwa ndefu kwa sababu nchi nzima imekumbuka siku moja. Aliyefiwa na mzazi cheti cha kifo nacho hivyo hivyo. Pasipoti kwa wanaotaka nje, jina liwe lile lile la cheti cha form four, msiongeze jina la babu kwa sababu linapendeza.

Kingine ambacho shule zetu nyingi za serikali hazijazoea ni transkripti. Vyuo vya Marekani unaomba kati ya mwezi wa 10 na wa 1 wakati pepa unafanya mwezi wa 5, kwa hiyo wanachoangalia ni cheti cha form four, ripoti zako za form five, na mwalimu anakutegemea utapata nini. Nenda kwa mwalimu wa taaluma mapema, kwa heshima, shikamoo mwalimu, muombe akuandalie karatasi moja ya Kiingereza yenye maksi zako za kila muhula, mhuri na saini. Na chini yake aweke maelezo ya gredi zetu, hili ni muhimu kuliko mnavyodhani, maana advance A ni kuanzia 80, B ni 70 mpaka 79, C 60 mpaka 69, wakati form four A inaanzia 75 na C inashuka mpaka 45. Mtu wa nje asipoelezwa anaona C akadhani wewe ni wa kawaida tu, kumbe kwenye shule yenu hiyo C ya fizikia ndiyo iliyoongoza mkondo. Mwalimu akiandika pia kuwa ulikuwa wa 2 kati ya wanafunzi wangapi, hapo umebebwa.

Barua ya mapendekezo nayo tusidanganyane. Mwalimu ana madarasa manne na vipindi lukuki, ukimwambia tu naomba barua atakuandikia ile ya siku zote, mwanafunzi huyu ana nidhamu na anashirikiana na wenzake. Hiyo inamfaa hata mbuzi. Mpe karatasi ya nusu ukurasa umkumbushe vitu alivyoviona yeye mwenyewe, kwamba ulikuwa unawafundisha kemia wa form three jioni, kwamba titresheni ilipowashinda wenzako ndiye uliyekaa maabara mpaka ikatoka. Yeye ataandika kwa maneno yake. Na mpe muda, sio unamfuata Ijumaa wakati dedilaini Jumapili. Mchague mwalimu anayekujua, hata kama mkuu wa shule ana cheo kikubwa zaidi.

Insha. Nimesoma nyingi za madogo na zinafanana kiasi kwamba ukibadilisha jina hakuna atakayegundua. Nilizaliwa familia maskini, nilitembea kilomita nyingi kwenda shule, ndoto yangu ni kuwa daktari nisaidie jamii. Sisemi ni uongo, wengi ndivyo tulivyoishi, ila anayesoma ameshasoma hiyo kabla ya chai. Anataka kujua wewe ulifanya nini na hali hiyo. Kuna dogo mmoja wa Mbagala aliandika kuhusu kutengeneza feni na redio za majirani, jinsi alivyoshindwa kuelewa kwa nini kepasita ikifa feni inavuma tu haizunguki, akaenda kumuuliza mwalimu wa fizikia, akarudi na jibu. Ukurasa mzima feni tu, maskini hakujiita mahali popote, na bado unamuona vizuri kabisa anatoka wapi na kichwa chake kinafanyaje kazi. Kwa Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, una maneno 650 tu, ukitumia 300 kuelezea umaskini umebakiwa na nini? Na hizi insha za kuandikiwa na programu za simu, mnajulikana jamani. Intavyu ikifika wanakuuliza kitu ulichoandika mwenyewe na unaanza kung'aa macho.

Sasa kalenda, na hapa wengi hawaoni shimo mpaka wameshatumbukia. Ukimaliza pepa unaitwa JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Matokeo yanatoka uko kambini, na dirisha la Bodi na vyuo linaweza kuwa wazi wewe uko kwenye gwaride, simu sio ya kuchezea muda unaotaka. Kwa hiyo kabla hujapanda basi, skani kila kitu, weka PDF zenye majina yanayoeleweka kwenye imeili yako, na muachie mtu mmoja nyumbani unayemuamini, dada, mjomba, yeyote anayeweza kufungua kompyuta na hafungui mdomo. Mwachie na paspoti saizi pamoja na namba ya mtihani.

Nimesema imeili yako. Yule kijana wa steshenari anawasaidia sana lakini ana tabia ya kufungua akaunti kwa imeili yake na namba yake ya simu ili mambo yaende haraka. Miezi 3 baadaye jibu limetumwa, yeye kahamia Kahama, na wewe unasubiri. Fungua ya kwako, jina la kawaida, sio prettyboy255, na nywila iandike kwenye daftari.

Na ukiombwa hela ya kushughulikiwa, ondoka. Türkiye Bursları haina ada ya maombi kabisa. Vyuo vya Marekani vingi vina ada lakini unaweza kuomba usamehewe na hapo hapo kwenye fomu kuna sehemu yake. Anayekwambia tuma laki mbili kwa namba hii nafasi yako ipo, muulize kwa nini nafasi hiyo haikwenda kwa mwanae.

Wa form five mnaoenda likizo mwezi wa 6, chukueni vyeti vyote mlivyonavyo, viwekeni mezani pamoja na cheti cha kuzaliwa, halafu someni majina.