Drop C na mlio unaogeuka uji

Ndugu, umesema umeshusha nyuzi za gita la umeme hadi Drop C (uzi mnene kabisa unalia noti ya C), geini ya ampu, yaani kiasi cha mkwaruzo, umeiweka 9, na bado ukibana nyuzi kwa kiganja na kuchapa haraka mlio unakuwa uji. Tatizo ni hiyo 9. Ishushe hadi 5 au 6. Ukiwa peke yako chumbani utadhani gita limeishiwa nguvu; vumilia, zikiingia ngoma na besi utaelewa.

Kisha weka peda ya ovadraivu (kisanduku cha mguuni cha mkwaruzo) mbele ya ampu, yaani kati ya gita na ampu. Wapiga metali wengi huweka Ibanez Tube Screamer mbele ya ampu kama Peavey 5150: draivu (mkwaruzo wa peda) 0, leveli (nguvu ya sauti inayotoka) karibu na mwisho, toni katikati. Hapo hutafuti mkwaruzo wa ziada. Peda hiyo hupunguza besi kabla haijafika kwenye geini ya ampu na kuinua sauti za kati, karibu na Hz 720, ndiyo maana uji unakauka. Mngurumo wa chini mwachie mpiga besi. Na usifyeke midi, yaani hizo sauti za kati, kwenye ampu! Chumbani inapendeza, jukwaani gita linamezwa.

Noizi geti, kifaa kinachokata sauti ikishuka chini ya kiwango fulani, iwe ya kunyamazisha mvumo tu. Mimi niliwahi kuizidisha, noti ndefu zikakatika kama mtu mwenye kwikwi.

Halafu, nyuzi zako bado ni seti ya 10 hadi 46 (unene kwa sehemu za elfu za inchi)? Kwa Drop C zimelegea mno. Tafuta seti ambayo uzi wake mnene ni 54 au 56, kisha urekebishe intonesheni upya, yaani usahihi wa noti kote shingoni mwa gita.