Jibu: Dang'a wanapata, mbona ndama bado wanashikwa na nimonia?

Mkuu, umesema ndama wanapewa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa) "siku ileile" wanayozaliwa, na bado wanashikwa na nimonia. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili (chembe za kinga dhidi ya magonjwa, ambazo ndama huzipata kwenye dang'a), kwa hiyo ndama huzaliwa hana kitu, na baada ya saa 24 utumbo wake hauzinyonyi tena. Ndama wa kilo 35 mpe lita 3 hadi 3.5 ndani ya saa 2 za mwanzo, kwa chupa. Ukimwachia anyonye mwenyewe hujui kapata kiasi gani. Pima ubora wa dang'a kwa kipimo cha Brix (kifaa kinachoonyesha uzito wake); kisome asilimia 22 au zaidi. Dang'a ya friza iyeyushe kwa maji ya nyuzi 50, ukiichemsha umeharibu kingamwili. Mama achanjwe dhidi ya Mannheimia (bakteria wa nimonia) wiki kadhaa kabla ya kuzaa, kwa maelekezo ya chanjo yenyewe. Halafu banda! Harufu kali ya mkojo bandani ikiwasha macho yako, mapafu ya ndama yanaungua.