Maswali na Majibu: Miale ya infraredi ndani ya sumaku kali

SWALI: Ninasoma fizikia chuo kikuu, Dodoma. Nimesoma kwamba watafiti hupima jinsi vitu vinavyofyonza miale ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) vikiwa ndani ya uga mkali wa sumaku. Je, spektromita, yaani kifaa cha kupima mwanga kwa kila urefu wa wimbi, huwekwa wapi, na mwanga hufikaje kwenye sampuli?

JIBU: Spektromita ya kazi hii ina kioo kinachokwenda mbele na nyuma kwa mota, na uga unaovuja nje ya sumaku ukiifikia mota hiyo, mwendo wa kioo huyumba na kipimo huharibika. Ndiyo maana katika maabara kama ya Grenoble, Ufaransa, au ya Tallahassee, Marekani, yenye sumaku mseto (inayounganisha aina mbili za koili) inayofikia tesla 45, tesla ikiwa kizio cha nguvu ya uga, spektromita husimamishwa mbali, kisha mwanga huletwa kwa bomba la metali lililong'arishwa ndani na kuondolewa hewa, kwa kuwa mvuke wa maji hufyonza sana infraredi ya mbali, yaani yenye mawimbi marefu zaidi.

Sampuli hupoozwa kwa heliamu ya kimiminika, takriban nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri. Chini yake hukaa bolometa, kijipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kinapopashwa joto, hata kidogo mno, na mwanga uliopenya sampuli. Hapa pana mtego, kwa sababu bolometa nayo imo ndani ya uga na mwitikio wake hubadilika uga unapoongezwa. Kwa hiyo hupimwa mara mbili katika uga uleule, kwanza kupitia sampuli, kisha kupitia tundu tupu, na spektra (grafu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi) ya kwanza ikagawanywa kwa ya pili. Ninalisisitiza hili: asiyefanya hivyo ataona bonde kwenye grafu, alidhanie ni la sampuli, kumbe ni la bolometa.

Faida ya vipimo hivi ni kubwa. Ndani ya uga, elektroni hushika ngazi maalumu za nishati, na infraredi huzipandisha kutoka ngazi moja hadi nyingine. Katika semikondakta za kawaida, uga ukiongezwa maradufu, nishati ya kupanda nayo huwa maradufu. Vipimo vya tabaka nyembamba mno za grafaiti vilivyochapishwa mwaka 2006 kutoka Grenoble vilionyesha jambo tofauti: nishati hufuata kipeuo cha pili cha uga, hivyo ili iwe maradufu lazima uga uongezwe mara 4. Hiyo ndiyo alama ya elektroni zinazoenenda kana kwamba hazina tungamo.