Re: Tamthilia za Dickens, ni toleo la kwanza kweli?

Mkuu, umeuliza kama hiyo The Strange Gentleman ya 1837, tamthilia ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens, iliyofungwa jalada jipya na haina picha mwanzoni, ni toleo la kwanza. Inawezekana, ila usilipe bei ya toleo kamili. Wachapishaji Chapman and Hall waliitoa ikiwa na picha ya Phiz (mchoraji Hablot Knight Browne) mbele ya ukurasa wa jina, na picha hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya thamani. Wauzaji wengine huichomoa na kuiuza peke yake. Omba picha za mkunjo wa ndani, pale karatasi zinaposhonwa: ikichomolewa huacha kipande kidogo cha karatasi kilichobaki kwenye uzi.

The Village Coquettes ni mtego mwingine. Ya kwanza ni ya mchapishaji Richard Bentley, 1836, lakini kuna toleo la kuiga la 1878, na kwenye matangazo ya mnada haya mawili huchanganywa sana, wakati mwingine makusudi. Muulize muuzaji waziwazi ni lipi, akujibu kwa maandishi.

Nakala za tamthilia hizi zilichapwa chache, na Dickens mwenyewe baadaye hakupenda zikumbukwe, ndiyo maana ni adimu.

Kama bajeti ni ndogo, tafuta The Lamplighter, tamthilia yake nyingine. Aliiandika 1838 lakini haikuchapwa hadi 1879, miaka tisa baada ya kifo chake. Mimi ningeanza na hiyo.