Mafia na manowari ya Rufiji

Ndugu, umeuliza kwa nini wilaya ndogo kama Mafia hutajwa katika historia ya vita vya baharini. Visiwa vyake viko mkabala na delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914 katikati ya mikoko. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, na tarehe 11 Julai ndege iliyoruka kutoka huko iliwaarifu wapiga mizinga wa meli za kivita za Kiingereza, Severn na Mersey, makombora yalikoangukia, tena ikaendelea kutuma ishara hata ilipokuwa ikishuka baada ya kupigwa, hadi Wajerumani wakalazimika kuizamisha manowari yao wenyewe. Hata hivyo, kwangu mimi magofu ya Kua kisiwani Juani, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini (Madagaska) katika karne ya 19, yanastahili kutunzwa zaidi.