Nguzo ya ua iliyooza kwenye mawe: shimo lile lile linatosha

Unauliza uchimbe wapi baada ya nguzo ya ua kuoza: usichimbe shimo jipya, ndugu. Hapo Makunduchi, kusini mwa Unguja, chini ni jiwe la matumbawe, na tundu lililokwisha kupatikana ni mali. Kazi kubwa ni kukitoa kisiki. Kikiwa kimelegea usikivute, kitakatikia ndani. Kipasue kwa mtaimbo, uzoe vipande kwa kopo mpaka uone jiwe jeupe. Lile vumbi la mchwa lisibaki.

Simamisha nguzo mpya, mwenzio ashike na kuangalia timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima), wewe shindilia vijiwe vyenye pembe tabaka kwa tabaka. Vijiwe vya pwani vilivyo laini havifai, vinateleza. Kila tabaka ulipige kwa kitako cha mtaimbo mpaka nguzo isitikisike. Usijaze udongo kwa sababu unashika maji, na mti huoza mwanzo pale unapotokea ardhini, ambapo unyevu na hewa vinakutana. Ndiyo maana nguzo nyingi tunazozing'oa huku kusini zimeliwa usawa wa ardhi tu, juu bado nzima. Ukitaka zege, weka kidogo juu na ulilaze kwa mteremko litupe maji nje.

Nguzo ya mti wa mvinje usiotiwa dawa haitadumu hata ukiishindilia vipi. Na tafadhali, oili chafu usimwage shimoni: jiwe letu linapitisha kila kitu, na maji ya visima tunayokunywa yako chini yake.